Zimwi la Debe

Jumamosi mchana, kabla filamu haijaanza, Kasuku alisukutua koo kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, akatema dirishani, kisha akaketi kando ya shuka jeupe lililotumika kama kiwambo. Ukumbi huo zamani ulikuwa ghala la saruji, na mpaka leo watu wakipiga makofi kwa nguvu, vumbi jepesi hushuka kutoka darini. Kazi ya Kasuku ilikuwa kusema. Filamu zilikuja na lugha ambazo hakuna mtu mtaani aliyezijua, yeye mwenyewe akiwamo. Naye alishika kipaza sauti na kumgawia kila mtu kwenye shuka maneno yake.

Filamu iliyojaza mabenchi kuliko zote ilitoka Italia, na ilihusu dunia baada ya kwisha kwake. Mabomu yalikuwa yameshaanguka na petroli imekuwa adimu kuliko dhahabu, lakini wapiganaji walishinda kutwa wakifukuzana kwa magari, bila shaka wakiutafuta huo uadimu. Hayo yenyewe yalikuwa magari madogo ya kawaida yaliyobandikwa mabati na miiba ya mbao iliyopakwa rangi ya fedha. Gari likikata kona, mwiba mmoja ulidondoka. Picha ikibadilika, ulikuwa umesharudi. Shujaa alibeba bunduki ambayo, kwa jicho la mtu yeyote aliyewahi kujenga choo, ilikuwa bomba la maji machafu, ndiyo maana Kasuku akamwita Fundi Bomba. Adui wake alivaa mabega ya plastiki mapana kiasi kwamba mlangoni alipita kwa ubavu. Mtu aliyeuawa darajani alionekana tena jangwani akifa upya, kwa moyo uleule.

Watu waliipenda kwa kasoro hizo hasa. Filamu kubwa humfunika mtazamaji. Hii ilimwonyesha gundi na uzi wake, ikamwachia nafasi ya kuwa mwerevu. Kila aliyeketi pale alikuwa mhandisi, jenerali na mshona nguo. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo halikusemwa sana: jangwa lile lilikuwa machimbo ya chokaa yaliyo juu ya mtaa wao. Watengenezaji wa filamu walifika Kasuku akiwa bado anabebwa mgongoni. Walikuwa wakitafuta mahali panapofanana na dunia iliyokwisha, na walipofika hapo hawakubadili kitu isipokuwa kung'oa kibao cha kampuni.

Wafanyakazi wa matanuri waliajiriwa kuwa mazimwi, yaani watu walioharibiwa na bomu. Bwana mmoja mwenye kisanduku aliwabandika mpira na gundi usoni. Alipofika kwa mama yake Kasuku, alimgeuza kidevu kwenye mwanga, akamtazama, akafunga kisanduku. Chokaa ilikuwa imemuunguza tanurini mwaka uliotangulia, kutoka kipaji cha uso hadi taya. Mama aliisimulia habari hiyo kama mtu anayesimulia cheti.

"Wenzangu waliwashwa na ule mpira siku nzima," alizoea kusema. "Mimi hakunipaka chochote. Alisema niko tayari."

Alikuwa ameambiwa kwamba anaigiza mwanamke anayewapa wasafiri maji. Hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa lote. Kwenye filamu, mwanamke anatokea nyuma ya mwamba na debe la maji, anafungua mtandio, Fundi Bomba anauona uso wake, anashtuka, na anamkata kwa shoka la kadibodi. Mama alijua habari za kuanguka, kwa kuwa alisifiwa kwamba ameanguka vizuri. Filamu yenyewe hakuwahi kuiona.

Kasuku alimtambua mara ya kwanza mkanda ulipochezwa. Kipaza sauti kilikuwa mkononi, ukumbi unangoja, na mwanamke kwenye shuka alikuwa amefungua kinywa. Akampa sauti ya mbuzi. Kicheko kilichofuata kiliteremsha vumbi lote la darini. Tangu siku hiyo zimwi la debe likawa ndilo linalongojwa, na Kasuku akawa mtu anayesalimiwa njiani. Hakuna aliyejua zaidi. Nyuso za namna ile zilikuwa nyingi mtaani. Watu walipishana nazo asubuhi bila kuziona, kisha mchana wakauona mmoja kwenye shuka, wakashika mbavu.

Jumamosi moja alimwongezea maneno mapya. Mwanamke alipofungua mtandio, Kasuku alilia kimbuzi, "Karibuni maji! Sura ni bure!" Kinyozi, ambaye hukaa benchi la mbele na hujiona mwenye nusu ya filamu, alianguka chini kwa kucheka. Mwanamke akakatwa kama kawaida. Fundi Bomba alipokuwa akipangusa shoka, mwanamke aliinuka, akajikung'uta, akalisimamisha debe, akavuka upindo wa shuka na kupita katikati ya mabenchi.

"Ukitoka hurudi," mlinda mlango alimkumbusha.

"Niacheni nife, nilishaanza zamani," alijibu kwa sauti ya mbuzi. Huo ulikuwa mmoja wa mizaha aliyopewa na Kasuku mwaka uliopita. Mlinda mlango akamfungulia, na filamu ikaendelea.

Kasuku alipofika nyumbani alimkuta yule mwanamke sebuleni, ameketi kuelekeana na mama. Ulikuwa uso mmoja katika umri tofauti. Kovu la kijana lilikuwa bado jekundu, la mzee limeshapoa na kuwa rangi ya jivu.

"Umechelewa," mama alisema. "Mgeni ameshakaa. Msalimie."

"Shikamoo," alisema Kasuku, halafu akasita, kwa sababu mgeni alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi.

"Sura ni bure," aliitikia mgeni.

Mama alimgeukia mwanawe taratibu. "Maneno haya kayatoa wapi?"

"Kwenye filamu, mama."

"Mimi sikusema hivyo. Yule wa kamera aliniambia niseme chochote kwa lugha yetu. Nikasema, 'Maji haya hapa, kunyweni, mmetoka mbali.'"

"Waliyafuta. Wakaweka ya kwao."

"Na wewe?"

"Sikujua ulisema nini," alijibu Kasuku akitazama sakafu. Lilikuwa jibu la kweli, la swali ambalo hakuulizwa.

Mgeni alihamia. Alikuwa mwepesi wa kazi na hakula sana, lakini maneno yake yalikuwa yale tu aliyokuwa amepewa ukumbini, yote kwa sauti ya mbuzi, nayo aliyatumia kwa kila haja. Akitaka chumvi alisema sura ni bure. Akiulizwa kama amelala vizuri alisema niacheni nife. Jirani aliyepiga hodi alikaribishwa hivyo hivyo, akacheka kwa adabu, akaketi. Kasuku alijaribu kumfundisha mengine jioni. Yalimteleza kama maji juu ya jani la gimbi. Yaliyopitia kwenye kipaza sauti, filamu ikitembea, ndiyo pekee yaliyomshika. Jumamosi ikifika alijitwika debe lake na kwenda kazini, akakatwa, akarudi.

Kilichomchoma Kasuku zaidi ni kwamba mama hakugomba. Alikuwa akimsikiliza kijana yule kwa makini, kama mtu anayesikiliza redio ya mbali, na mara nyingine midomo yake ilifuatisha. Kasuku alianza kula chakula chake amesimama uani.

"Mpe salamu basi," mama alimwambia huko huko uani, siku ya Ijumaa. "Mtu hawezi kukaa na watu hana hata salamu. Mrudishie yale ya kwangu. Ni machache."

"Watazomea, mama."

"Wazomee. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Basi kesho," alisema Kasuku. "Kesho nitampa."

"Nitakuja kusikia," alisema mama.

Jumamosi hiyo ukumbi ulifurika mpaka watu wakakaa madirishani. Mama aliingia taa zikiwa zimeshazimwa, akaketi benchi la nyuma, mtandio ukiwa umefunika upande wa kovu. Magari yalizunguka, mwiba ukadondoka, ukarudi. Kinyozi alimshauri mtu mwenye mabega ajaribu kuingia kinyumenyume. Kisha mwamba ukaonekana, na ukumbi mzima ukaanza kupiga mabenchi kwa viganja: "Debe! Debe! Debe!"

Mwanamke akatokea na kufungua mtandio. Kasuku alisogeza kipaza sauti. Kwa sauti yake mwenyewe, ya chini, alisema, "Maji haya hapa. Kunyweni, mmetoka mbali."

Shoka lilishuka katika kimya. Sura ya kijana, kabla ya kuanguka, ilikuwa imetulia kama ya mtu aliyeitwa kwa jina lake.

"We Kasuku!" kinyozi aliita. "Umemeza betri?"

"Mbuzi yuko wapi?" mwingine akadakia. "Tumekuja msibani?"

Miluzi ikaanza, kisha miguu. Mwenye ukumbi, aliyeketi chini ya feni pekee iliyokuwapo, hakuinuka. Alisema tu, "Rudisha nyuma," na mwendesha mashine akarudisha. Mwanamke aliinuka kutoka mavumbini kinyumenyume, maji yakarejea debeni, na yale maneno, yaliyokuwa yamekaa kinywani mwake kwa muda wa shoka moja, yakatoka. Akarudi nyuma ya mwamba. Akatokea tena.

"Debe! Debe!"

Kasuku alifungua kinywa. Alikuwa na sauti zote mbili kooni, na alitambua kwa aibu kwamba ile ya mbuzi ilikuwa karibu zaidi. Aliibana. Nyingine haikuja. Mwanamke kwenye shuka alimtazama, debe mikononi, kinywa wazi, akingoja kupewa.

"Karibuni maji!" mbuzi akalia kutoka benchi la nyuma. "Sura ni bure!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Vumbi lilishuka hata projekta ikaonekana kutoa moshi. Watu waligeuka na kumwona mama amesimama, mtandio umeteremka mabegani, mwanga wa filamu ukimpiga upande wa kovu. Wakautazama uso wake, wakautazama uso kwenye shuka, wakaelewa.

"Kumbe ndiye mwenyewe!" kinyozi alipaza sauti kwa furaha. Akapangusa benchi la mbele kwa kiganja. "Mama, njoo ukae huku. Njoo, mama yetu."

Walimpisha kwa heshima. Mikono mingi ilimshika kiwiko asijikwae, naye akapita akiinamisha kichwa kidogo kulia na kushoto, kama inavyompasa mtu mzima aliyepewa nafasi. Alimalizia na mizaha mingine yote ya zimwi la debe. Hakukosea hata mmoja.

Walirudi nyumbani watatu, njia ya chini ya machimbo, ambako matanuri yalikuwa yakiwaka na watu wa zamu ya jioni wakipanda na mashuka ya magunia yamewafunika vichwa. Kijana alitangulia na debe. Alimwambia kila aliyepishana naye sura ni bure, na sauti sasa haikuwa ya Kasuku tena. Ilikuwa ya mama, mbuzi na yote.

"Mbona ulisema wewe, mama?" Kasuku aliuliza.

"Walikuwa wanakungoja wewe, nawe umeduwaa. Ningekaa tu nikuangalie?" Alitembea kidogo. "Pale mwanzo niliwahi mno?"

"Hapana, mama. Ulikuwa sawasawa."

"Nilidhani niliwahi."

Katikati ya wiki mwenye ukumbi alileta kipaza sauti cha pili. Kasuku ndiye aliyekifunga kwenye benchi la mbele. Alikishusha hadi kimo cha mwanamke mzee aliyeketi, akakaza skrubu, akakipuliza mara moja kuhakikisha kinashika sauti.