Kengele ya Lusungu

Lusungu alikata roho alfajiri, na jua lilipokuwa kali wazee wa kanisa walikuwa bado wanabishania Kiyunani.

Bibi yake, Sekela, ndiye aliyemnyunyizia maji kwa kata homa ilipopanda, akataja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Mtoto alikuwa amemaliza mafundisho yote. Alingoja tu kuzamishwa mtoni Pasaka. Sasa wazee wakasema hakubatizwa. Na pale Mbozi, asiyebatizwa alizikwa kwao, migombani, bila kengele.

"Mama Sekela," akasema Mchungaji Yonasi, ambaye wamisionari walimfundisha Kiyunani mpaka kikamkondesha, "Agano Jipya liliandikwa kwa lugha hiyo, na neno lenyewe la kubatiza maana yake ni kuzamisha. Mimi sikulitunga."

"Na halikutumika pengine, baba? Neno zima, kazi moja tu?"

Yonasi alikuwa mtu mkweli, ndiyo shida yake. Akafungua kitabu. "Kwa Marko limo. Wayahudi wakiosha vikombe, midumu... na vitanda vile walivyojilaza wakila."

"Vitanda!" Sekela akapiga kofi. "Mzee Fanueli, si una kitanda cha mninga? Siku ya kukiosha utuite tukusaidie kukitumbukiza mtoni. Ila mkeo umshushe kwanza."

Kanisa zima likaangua kicheko. Hata Fanueli akafuta machozi. Yonasi naye alicheka, kisha akateta na wazee kitambo kirefu, ndipo akafunga kitabu taratibu.

"Basi mtoto amebatizwa. Pigeni kengele. Chimbeni makaburini kwetu."

Sekela akatoka mbio kama msichana, akakata shamba la kahawa lililotenga kanisa na nyumba yake, kengele ikimlilia mgongoni.

Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wanasawazisha udongo kwa viganja. Loisi, mkwe wake, mama wa Lusungu, alikuwa amepiga magoti katikati yao, matope hadi viwiko.

"Mwanangu, wamekubali! Sikiliza!"

"Nilisikia, mama." Loisi hakuinua macho. "Nilisikia mnacheka. Nikajua tumekataliwa, na shimo lilikuwa tayari tangu asubuhi. Nikasema nimfiche mwanangu kabla hawajaja kumcheka na hapa."

Kaburi likishafukiwa, kwa mila yao halifunguliwi.

Sekela akaketi chini penye majani makavu ya migomba. Kule juu kengele iliendelea kulia, na hakuna aliyekwenda kuwaambia waache.