Waya Usiofika Ghorofani

Habari kwamba nyimbo zitaanza kusafiri bila waya ililetwa kwenye karakana ya sare na mtu ambaye hakualikwa, na mtu huyo, kama kawaida, alikuwa shemeji.

Shemeji mwenyewe alikuwa fundi redio. Kibanda chake kilipakana ukuta na karakana, na alikuwa amemwoa mdogo wa Mama Mdomo, mmoja wa washonaji wa hapo. Kwa sababu hizo mbili alijiona ana haki ya kuingia bila kubisha hodi, kukaa juu ya robota la kitambaa na kunywa chai ya wenyewe. Jumatatu hiyo aliingia na ukurasa wa jarida aliofungiwa misumari dukani.

"Jamani, mmesikia? Hivi vidude vya muziki vya mfukoni, vitakavyokuja havina waya. Wimbo unatoka kwenye kidude, unapita hewani, unaingia sikioni. Basi!"

"Nani kasema?" akauliza mpiga pasi.

"Imeandikwa. Yaani, imeandikwa kwamba inasemekana."

"Lisemwalo lipo," akasema mpiga pasi, "kama halipo laja."

Mama Mdomo alisimamisha cherehani. Alikuwa mshonaji wa mikono ya makoti, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, na hilo jina la Mdomo wenzake walimpa kwa haki kabisa. Aliweza kuongea tangu kitambaa kinakatwa mpaka koti linapigwa pasi, asirudie hata neno moja. Lakini habari hii ilimkwama kooni, na sababu ilikuwa inaning'inia sikioni mwake.

Pembeni yake, cherehani kwa cherehani, alikaa Mama Pini. Huyu alishona huku amebana pini tano sita midomoni, tabia mbaya ambayo kila mshonaji humkanya mwenzake na kila mshonaji anayo, kwa hiyo hakusema kitu mpaka saa ya chai. Mmoja alishona mkono wa kushoto, mwingine wa kulia. Katikati yao, juu ya kopo la vifungo, kililala kidude kimoja cha muziki chenye ukubwa wa kibiriti, na kwenye kidude ulichomekwa waya mmoja wenye matawi mawili: spika moja sikioni mwa Mama Mdomo, ya pili sikioni mwa Mama Pini. Nyimbo alichagua Mama Mdomo. Miaka minne walikuwa wamefungwa hivyo kama mbuzi wawili kwenye kamba moja. Mmoja akitaka kwenda msalani ilibidi aage.

Mwaka uliopita msimamizi alitaka kuwatenganisha. Msimamizi huyo walimwita Bwana Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake, na jambo asilolipima hakuliamini. Ghorofani kilifunguliwa chumba kipya cha kushonea suruali, naye akataka mmoja wa mafundi wake wawili bora apande akawaongoze wageni. Mama Mdomo alipigana kufa na kupona. Alisema mikono ya koti inalingana kwa sababu wanakanyaga cherehani kwa mdundo mmoja, wa wimbo mmoja, kwenye waya mmoja, na waya haufiki ghorofani. Bwana Futi akajaribu. Akawaweka mbali siku mbili, akapima: mikono ikapishana nusu kidole. Akawarudisha pamoja, akapima: sawasawa.

"Haya, kaeni," akasema. "Lakini siku waya huo utakapokufa, mmoja anapanda juu. Sitaki hadithi."

Kwa hiyo wenzake waliposikia habari za muziki usio na waya wakaona maendeleo, Mama Mdomo aliona ngazi.

"Shemeji, ngoja nikuulize," akaanza. "Huo wimbo ukipita hewani, unajuaje sikio la kuingia?"

"Unaelekezwa."

"Na nani? Humu tuna masikio ishirini na mawili. Niutume kwa Mama Pini uende kwa mpiga pasi, aanze kukata kiuno na pasi ya moto mkononi?"

Mpiga pasi hakuona ubaya wowote. Alishayeyusha nyaya mbili kwa pasi yake, na tangu hapo alisikiliza mvuke tu. "Mimi hata leo nanunua," akasema.

"Na mvua ikinyesha?"

"Haulowi, shemeji."

"Na mtu akisimama katikati?"

"Unampitia."

"Unampitia wapi? Tumboni?"

Karakana nzima ikacheka, na Mama Mdomo akapata nguvu. Akasema nyimbo mbili zikikutana hewani zitagongana. Akasema majirani watazidaka bure. Akasema kitu kisicho na waya kitakula betri kama mgeni asiyejua kuaga. Mshona vifungo, aliyekuwa na miezi mitatu ya ndoa, aliuliza kama mtu anaweza kubadilisha wimbo wa mumewe akiwa mbali. Fundi akasema huenda. Akauliza tena kama anaweza kumzimia kabisa. Fundi akasema hilo halikuandikwa.

"Kwa hiyo," ikasema sauti mlangoni, "mmoja anaweza kuwa chini na mwingine juu, na wimbo ni uleule?"

Alikuwa Bwana Futi. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini.

"Bosi, hata hatuhitaji kungoja hivyo vipya!" Fundi alishuka kwenye robota kwa furaha. "Hiki hiki chao naweza kukiungia kisanduku cha kurusha mawimbi. Unaweka redio ndogo juu, inadaka. Kazi ya siku nne tu."

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Hapa mdomo wa fundi uliponza kichwa cha shemeji yake, na shemeji yake alimkazia jicho ambalo mtu mwenye akili angeondoka nalo. Fundi akajimiminia chai.

Ndipo Mama Pini akafanya jambo lisilo la kawaida. Alitoa pini midomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini.

"Itakuwa tayari lini?" akauliza.

"Ijumaa."

Akaitikia kwa kichwa, akarudisha pini, akaendelea na mkono wake wa kulia. Mama Mdomo aliumia. Miaka minne, na kumbe mwenzake anahesabu siku za kufunguliwa kamba! Alishona mkono mzima bila kusema neno, na mpiga pasi akaja kumuuliza kama anaumwa.

Wiki hiyo alifanya kila hila. Alimweleza mshona vifungo kwamba kuna mtu mtaani kwao aliyesikiliza muziki wa hewani akanyonyoka nywele, kisa alichokitunga hapohapo akiwa anatia uzi kwenye sindano. Alikwenda kwa mdogo wake akamwomba amzuie mumewe nyumbani siku ya Ijumaa.

"Nimzuie?" mdogo wake akashangaa. "Dada, huyu akishinda nyumbani ananifundisha kukata vitunguu. Mwache aende."

Kwa Bwana Futi alikwenda mara tatu, kila mara na hoja mpya. Moto, umeme, mawimbi kuingia kwenye kitambaa. Jambo moja tu hakumwambia, nalo ndilo lililokuwa kweli: kwamba kwake kumebaki kiti kimoja kinachokaliwa. Mume alishatangulia, watoto walishaoa na kuolewa. Maneno yake yote ya siku aliyamaliza hapa, kwa mtu mmoja aliyejaza pini mdomoni, ambaye katika miaka minne hakumwambia hata mara moja anyamaze. Jambo hilo aliliona dogo, na la aibu, kumwambia mwanamume mwenye futi shingoni.

Ijumaa baada ya chai fundi alifika na kisanduku chake, kimechomoza antena iliyotengenezwa kwa hanga ya nguo. Kwenye kidude alichomeka kiungo chenye matundu mawili: moja la waya wao wa zamani, moja la kisanduku. Bwana Futi akapanda ghorofani na redio ndogo. Cherehani zote zikanyamaza.

"Washa, shemeji," akasema fundi.

Mama Mdomo akabonyeza. Juu kukasikika mikwaruzo tu. Akaanza kumshukuru Mungu. Kisha, kupitia mbao za dari, wimbo ukawashukia.

"Umefika!" Bwana Futi akapaza sauti kutoka juu. "Umefika wote!"

Makofi yakalipuka. Mpiga pasi akakata kiuno kweli. Mama Mdomo akaanza kukusanya bobini zake za uzi na kuzitia kwenye kopo, kwa sababu mikono ilitaka kitu cha kufanya na machozi yalikuwa karibu.

"Bado, bado," akasema fundi. "Lazima nijue kama wa hewani unachelewa nyuma ya wa waya. Mama Pini, niazime hiyo spika yako."

Mama Pini akalifunika sikio kwa kiganja, akatikisa kichwa kukataa.

"Nakurudishia sasa hivi."

Akakataa tena. Lakini fundi alikuwa mtu asiyejua hapana. Akaivuta taratibu, akaitia sikioni mwake. Akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Akaufuata waya kwa vidole mpaka penye matawi, akaupinda, akachuna kidogo kwa ukucha.

"Huku hakuna kitu," akasema. "Upande huu umekufa. Na haukufa leo, angalia shaba ilivyoota kutu ya kijani."

Watu wote wakamtazama Mama Pini. Akatoa pini, moja moja. Safari hii zilimchukua muda mrefu sana.

"Tangu msimu wa sare za shule," akasema. "Miezi saba."

"Miezi saba!" Mama Mdomo akaruka. "Miezi saba unatikisa kichwa! Juzi tu nimekuuliza kibwagizo kizuri au vipi, ukaniitikia!"

"Nilikuwa naangalia mguu wako. Ukikanyaga, nakanyaga. Ukipumzika, napumzika."

"Sasa si ungesema? Fundi yuko ukutani hapo, ni kazi ya dakika moja!"

"Fundi akijua, mtaa mzima umejua," akasema Mama Pini, na fundi hakubisha. "Na bosi alisema waya ukifa, mmoja anapanda. Niliogopa, dada. Hata Jumatatu niliuliza lini ili nijue tumebakiza siku ngapi."

Mama Mdomo akakaa. Bobini moja ikamdondoka, ikabiringika mpaka chini ya meza ya pasi, na hakuna aliyeifuata.

Bwana Futi alikuwa ameshashuka. Alichukua koti kwenye kamba, akapima mkono wa kushoto, akapima wa kulia. Akachukua jingine. Akafungua kabati, akatoa moja lililobaki la msimu wa shule, akalipima mara mbili.

"Yote sawasawa," akasema. "Miezi saba mmoja hasikii wimbo, na mikono inalingana. Kwa hiyo si wimbo. Mama, ulinidanganya."

Mama Mdomo akazitafuta hoja zake. Moto, umeme, mdundo, mvua. Hazikuja. Ilikuja ile moja tu aliyokuwa akiificha, na akaona heri itoke.

"Si wimbo, bosi, wala si waya. Ni mimi. Sitaki kukaa mbali na huyu. Nikikaa mbali naye nashona ovyo, na nikirudi nyumbani nakuwa sijaongea na mtu. Basi."

Yalikuwa maneno machache kuliko aliyopata kusema kwa wakati mmoja tangu aajiriwe. Mshona vifungo akajipangusa macho kwa kipande cha kitambaa cha sare.

Bwana Futi alimtazama, akamtazama Mama Pini, akaivuta futi yake huku na huku shingoni.

"Mwaka mzima unanieleza habari za waya," akasema. "Mara urefu, mara mawimbi, mara nasikia mtu kanyonyoka nywele. Mficha uchi hazai, mama. Ungesema hivi siku ya kwanza ningewapandisha wote wawili. Huko juu cherehani mbili zinaenea. Nilishapima."

Mama Mdomo hakujua acheke au amrukie. Mwisho akalia kidogo, akacheka sana, na Mama Pini akamshika mkono, jambo ambalo kwa miaka minne halikuwezekana kwa sababu ya sindano.

Fundi, kwa kuona mambo yameishia kwenye machozi na kisanduku chake kimesahaulika, alikwenda kuleta kifaa cha kulehemu. Akakata pale palipooza, akaunga, akafunga kwa utepe. Akampa Mama Pini spika yake.

Mama Pini akaitia sikioni. Akasikiliza, uso umetulia, mpaka wimbo ukaisha na ukaanza mwingine. Mama Mdomo alimwangalia kama mama anayemlisha mgonjwa.

"Eh? Unasikia? Si mzuri?"

"Dada," akasema Mama Pini, "nikwambie ukweli?"

"Sema."

"Ile miezi saba nilipumzika."

Mpiga pasi alicheka mpaka akaunguza kola. Mama Mdomo akakichukua kidude juu ya kopo, akamsukumia mwenzake mezani.

"Haya," akasema. "Chagua wewe."