Miguu Sita

Kwa miaka mitatu Nelva Tapuy alikuwa ameajiriwa kuhesabu vipepeo kando ya mto Jatunyacu, na wale wa mistari ya njano, nyeusi na rangi ya chungwa aliwaandika wote kwa jina moja. Hakuna aliyemuuliza.

Jumanne moja alifuatana na mama mkwe wake, Blasina, aliyekuwa akienda kung'oa mihogo. Walipoketi kupumzika, kipepeo wa mistari akatua kwenye kidole cha Blasina, akaanza kunyonya jasho.

"Huyu ananitekenya kuliko wenzake," Blasina akasema. "Miguu imezidi."

"Mama nawe! Miguu ya kipepeo umeanza kuihesabu lini?"

"Njoo uhesabu wewe, msomi."

Nelva akainama. Sita. Akamnasa mwingine kwa wavu: huyu alisimamia minne, miwili ya mbele kaikunja kifuani, myembamba kama nywele. Mabawa yao ungeapa yamekatwa kwenye kitambaa kimoja. Kumbe walikuwa aina mbili, naye aliwaandika kama moja.

Siku mbili alishinda na kioo cha kukuzia, akifungua bahasha za vipepeo wakavu wa mistari aliowahifadhi miaka yote mitatu. Kati ya mia mbili na kumi na wawili, thelathini na mmoja walikuwa na miguu sita.

"Funga masanduku yako ya vipepeo, mwanangu," Blasina akamwambia. "Wakikufukuza kazi tutakula nini? Mimi sijaona kitu."

"Umeona, mama. Ndiyo shida yenyewe."

Ijumaa akapanda basi hadi mji wa Tena, kwa Daktari Yolanda Cevallos, msimamizi wa kazi ile. Akamwekea bahasha mezani.

"Daktari, nimekosea. Tangu mwaka wa kwanza."

Yolanda alitazama bahasha ya kwanza, ya pili, ya kumi. Mwisho akavua miwani.

"Ripoti za miaka yote hii nani alizitia sahihi?"

"Wewe."

"Basi tumekosea wawili. Nani aligundua?"

"Mama mkwe wangu. Hajui kusoma."

"Macho si anayo!"

Kusahihisha kulichukua miezi minne. Ndipo ikajulikana kwamba wale wa miguu sita walikuwa wakipatikana ng'ambo ya mto tu, kwenye msitu ambao haujawahi kukatwa. Ripoti mpya ilitoka na majina matatu ya waandishi, la Blasina likiwamo. Nelva alimwonyesha Blasina lake kwa kidole, akamsomea.

"Refu hivyo?" Blasina akauliza, akaomba asomewe tena.