Siku Koko Aliangalia Chini ya Ziwa

Mama mukwe wangu alifika Muheto katikati ya kiangazi cha mwaka 1969, juu ya kamio yenye kubeba mapipa ya mafuta ya mawese, na alikuja kuchukua mutoto wangu.

Sisemi alikuja kumwiba. Alikuja kwa haki yake. Katika ukoo wao kule Walikale, musichana wa kwanza anayepewa jina la nyanya yake anaenda kukaa naye akiacha ziwa la mama, na wazazi wanamupata tena wakati wa kuingia shule. Mambo hayo yalisemwa mbele ya watu siku ya ndoa yetu. Nilikuwa nimekaa pale na kitambaa cheupe kichwani, nikiangalia tu namna Hilaire alivyopendeza katika koti la kuazima, nikaitika. Mutoto mwenyewe alikuwa wapi siku ile? Hakuwepo. Ni rahisi kumutoa mutoto ambaye hayupo.

Sasa alikuwepo. Alikuwa Joséphine-Marie kwenye karatasi ya ubatizo na Fina katika nyumba. Alikuwa na meno, alikuwa na hasira, na neno lake kubwa lilikuwa "apana". Na tangu tuvune maharagi hakutaka tena kunyonya.

Mama mukwe naye ni Joséphine-Marie, lakini watu wote wanamwita Koko, yaani nyanya, hata wazee wa rika lake. Hakungoja hata kushuka vizuri kwenye kamio.

"Ndoyi yangu iko wapi? Mwenye jina langu iko wapi?"

Fina alimwangalia kidogo, akacheka, akamukimbilia. Mimi niliyemuzaa nilibaki nimesimama na sahani mikononi.

Na sikuweza kumuchukia Koko, hapo njo palikuwa shida yangu. Alinisaidia kuchambua maharagi, akanisifu viazi vyangu, akaniambia habari za nyumba yake karibu na muto Lowa. Mabinti zake wameolewa mbali. Bwana yake alikufa. "Ikifika giza nasikia panya tu," alisema. "Nimeanza hata kuwapa majina. Iko mumoja naita Chef." Tulicheka, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kulia.

Nilimwambia Hilaire, "Ongea naye."

"Niongee nini? Ni mama yangu. Weye njo unajua maneno, unasoma masomo ya mangaribi. Miye najua mbao tu."

Hilaire ni seremala wa plantation. Mwezi ule alikuwa amemaliza kutengeneza mashua ya patron, mwenye plantation, ile yenye nguo kubwa nyeupe ya kushika upepo, na patron akamwambia: Siku ya Mungu uende kuijaribu, upeleke familia, mutembee ku ziwa. Kutembea! Hatujapata kufanya safari isiyokuwa na muzigo wa kubeba wala mugonjwa wa kusalimia mwisho wa njia. Hilaire alikubali upesi. Nafikiri naye alikuwa anatafuta siku moja ya furaha mbele ya ile kamio ya kurudi Walikale kwa njia ya Hombo.

Basi siku ya Mungu, baada ya misa ya kwanza, tulishuka mpaka Sake, kando ya ziwa. Papa Albert, mulinzi wa mashua, alikuwa anatungojea ndani ya maji, suruali imekunjwa mpaka magoti. Ni mwanaume munene, mwenye kusema na kila kitu: na mashua, na kamba, na upepo.

"Karibuni, ba-touristes! Mama mwenye mutoto, ufungue mutoto ku mugongo. Ndani ya mashua yangu hakuna kufunga mutoto. Ukianguka weye, mutaanguka wote wawili, na Hilaire atanilia miye."

Mimi ni muntu wa mulima. Maji ninayoyajua ni yale ya kisima na ya mvua. Nilifungua kikwembe cha kumubebea, na kabla sijajua nimuweke wapi Fina, alikwisha kunyoosha mikono kwa Koko. Alikaa katikati ya magoti yake kama amezaliwa pale. Koko aliniangalia, nami nikaelewa: unaona?

Mashua ilitoka. Koko alitazama mbele, akatazama nyuma.

"Nani anasukuma hii kitu?"

"Upepo, Mama," akajibu Hilaire.

"Na upepo ikikataa?"

"Tunangoja," akasema Papa Albert.

"Mutangoja! Kwetu mutoto wa miaka saba anasukuma mutumbwi mwenyewe. Hapa wanaume wawili wanakaa sawa mabibi arusi, wanangojea upepo!"

Papa Albert alicheka mpaka akakohoa. Halafu upepo ukaja, ule wa kutoka upande wa Masisi, nguo ikajaa, mashua ikalala upande. Nililia kwa sauti. Maji yalipita karibu na kiwiko changu, ya kijani, yenye kuimba. Fina alipiga makofi. Nilishika goti la Hilaire kwa nguvu, naye akaweka mukono wake juu ya wangu mbele ya mama yake, jambo ambalo hajapata kufanya. Nyuma yetu milima ilikuwa inapungua, na mashamba juu yake yakawa kama vitambaa vya kushonea. Niliona hata barabara tuliyoshuka nayo, nyembamba kama uzi. Woga haukuisha, lakini kando yake palikuwa nafasi ya kitu kingine. Kama Fina asingekuwa katika mikono ile, ningesema nilikuwa na raha.

Tulifika mahali ambapo mawe ya volkano yaliingia katika ziwa, zamani, mbele sijazaliwa. Yanafanya ukuta mweusi, na ndani yake kuna kidimbwi kitulivu, maji yanafika kwenye magoti. Tulikula viazi na maharagi baridi juu ya mawe. Kisha Papa Albert akafungua sanduku la mashua, akatoa kioo cha mviringo chenye kuzungukwa na mupira, pamoja na tiyo ya kupumulia iliyopindwa kama jembe.

"Patron anavaa hii kwa uso, anaweka tiyo mu kinywa, anaangalia samaki. Masaa mazima! Samaki hawamujibu, lakini anaangalia tu."

Hilaire alianza. Akaelea, mugongo juu, kama muti ulioanguka. Kisha wakanivalisha mimi. Nilipiga magoti ndani ya maji nikainamisha uso, na kwanza nilisikia pumzi yangu tu, kubwa, kama ya ng'ombe. Halafu nikafungua macho. Mawe meusi yalikuwa na majani laini yenye kuinama pamoja, na samaki wadogo walisimama katikati yao kama watu wanaozungumza mbele ya kanisa. Mumoja alikuja mpaka kwenye kioo akaniangalia. Nilisahau. Kwa muda ule mudogo nilisahau kabisa kamio ya Hombo, na nilipotoa uso nilikasirika kuikumbuka.

Fina alikuwa tayari uchi, anapiga maji kwa mikono miwili. Koko aliona jua limeanza kupita.

"Ndoyi, kuya. Inatosha."

"Apana!"

"Utapata baridi."

"Apana! Maji! Maji!"

Papa Albert hakuweza kuacha hiyo ipite. "Koko, si weye ulisema mutoto ameacha ziwa? Angalia! Hataki hata kutoka mu ziwa!"

Sisi wote tulicheka, na Koko naye akacheka, akajifuta machozi. Moyo wangu uliruka: labda kicheko hicho kitafungua njia. Lakini alipomaliza, uso wake ulirudi mahali pake.

"Ziwa ya mama yake njo nilisema," alisema polepole. "Ile ameacha. Hii ya maji haina mwenyewe."

Hilaire aliangalia kando.

Nafikiri ni kwa kuondoa uzito wa neno lile Koko mwenyewe alinyoosha mukono. "Leta hiyo kioo. Nimezaliwa juu ya maji, nimezaa juu ya maji, na sijaona hata siku moja iko nini chini. Lowa iko nyeusi sawa kahawa. Unaingiza mukono, haurudishi habari."

Tulimusaidia kuingia, kikwembe chake kimefungwa juu ya kifua. Alipiga magoti. Papa Albert akamuwekea tiyo katika kinywa.

"Sasa, Koko, uso ndani, na uvute!"

Koko aliingiza uso, akavuta. Lakini alivuta kama anavyovuta kila muntu mukubwa wa kwetu akipewa murija: mashavu yaliingia ndani, akanyonya kwa nguvu zote kama pombe ya ndizi imebaki chini ya chungu. Tena alikuwa ameinama sana, tiyo nzima imezama. Aliruka juu akitapika maji puani.

"Muniue basi! Nimekunywa ziwa yote! Wee Albert, ulisema nivute!"

"Vuta pumzi, Koko! Si pombe!"

"Murija ni murija! Unamupatia muntu murija halafu hutaki anyonye?"

Hilaire alikuwa amekaa ndani ya maji kwa kucheka. Mimi nilimupiga Koko mugongo polepole mpaka kikohozi kikaisha, nikamwambia katika sikio, "Mama, uvute sawa muntu analala. Polepole, hivi." Nikamuonyesha, tukapumua pamoja, kifua chake na changu. Akaitika kwa kichwa. Akashuka tena.

Safari hii alibaki.

Nilikuwa nimesimama mbele yake na Fina. Mawe yale yana makali, na mutoto alikuwa amepanda juu ya miguu yangu, maji yakimufika tumboni. Aliona kichwa cha Koko kinaelea, akafurahi sana. Alimunyooshea mikono, akamuita, "Koko! Koko, kuya!" Mimi nilimushika kiuno, nikatazama juu ya kichwa chake kwenda mbali, kwa sababu sikutaka kuona ile mikono. Jua lilikuwa linang'aa juu ya maji kama sahani za bati. Kutoka juu hakuna aliyeweza kuona kitu ndani.

Koko alikaa vile muda murefu. Pumzi ilikuwa inaingia na kutoka katika tiyo, polepole, sawa muntu analala. Kisha ikakatika kidogo. Kisha ikaendelea.

Alipotoa uso hakukohoa. Alivua kioo, akakaa hivyo kwa magoti, maji yakimuchuruzika kwenye nywele zake nyeupe.

"Umeona samaki, Mama?" Hilaire aliuliza.

"Samaki iko." Hakumutazama. Alikuwa ananitazama mimi. "Mama Fina, miguu haikuumi?"

"Mawe yana makali, Mama. Njo maana anasimama juu yangu."

"Si mawe nauliza. Makucha yake." Alionyesha maji kwa kidole. "Huku juu alikuwa ananiita kwa mikono. Kule chini, vidole vimekushika sawa kuku inashika muti yake ya kulalia. Kila mara anainama kuja kwangu, vinakaza."

Kweli miguu yangu ilikuwa inauma. Sikuwa nimejua mpaka aliposema. Machozi yalikuja tu, nikayaosha kwa maji ya ziwa.

Koko aliingiza mikono chini, taratibu, akatafuta miguu ya Fina kwa kupapasa. Akaifunika na viganja vyake, ya mutoto na yangu pamoja. Tukakaa hivyo. Fina alifikiri ni muchezo, akacheka.

Wakati wa kurudi upepo ulikuwa laini. Fina alilala juu ya mapaja ya Koko, kinywa wazi, nami sikuona wivu. Hilaire alishika kamba aliyoambiwa kushika. Tulipokaribia Sake, alisafisha koo kama anayetaka kusema mbele ya baraza.

"Mama, kesho nitamuona shoferi wa kamio ya Hombo. Nimwambie ashike nafasi ngapi?"

Papa Albert, ambaye anasema na kila kitu, aligeuka kumusikiliza Koko.

"Moja," Koko alijibu.

Hilaire aligeuza uso kwenda kwenye milima, mabega yakatikisika. Koko alikuwa anapangusa muchanga kwenye nywele za mutoto, chembe kwa chembe.

"Kiangazi kijacho mutaniletea yeye," alisema, "na aliyemubeba. Nyumba yangu iko kubwa. Musiponiletea nitakuja tena, na siku ile sitaangalia chini ya maji."

"Tutakuja, Mama," nilisema. Nilisogea karibu naye mpaka mabega yetu yakagusana; alikuwa bado na baridi, nikamufunika na upande wa kikwembe changu. "Barabara ya Hombo iko namna gani? Inaonekana ina kona nyingi. Fina hatatapika?"

"Mutoto? Mutoto atalala mpaka Walikale," Koko alisema. "Weye njo utatapika."