Kopo Lililonyimwa Maji

Mwalimu wa sayansi alikuwa amekalia kuti kavu. Mwalimu Mkuu, mtu aliyeamini kuwa somo lisiloandikwa ubaoni ni mchezo, alikuwa amemweleza bila kumumunya maneno: "Nakupa mpaka Ijumaa. Watoto wasiponionyesha walichojifunza kwenye hayo makopo yako, Jumatatu mnarudi kunakili."

Makopo yenyewe yalikuwa mawili tu, dirishani mwa darasa la tatu, kila moja na udongo na maharagwe matano. La kwanza lilimwagiliwa kila asubuhi kwa zamu. La pili lilikatazwa hata tone. Ilikuwa kazi rahisi kabisa: watoto wajionee wenyewe kwamba bila maji mbegu haioti.

Ijumaa ikafika. Mwalimu Mkuu akaingia, mikono nyuma, akaenda moja kwa moja dirishani. Kopo la maji lilikuwa tope tupu, linanuka. Lile lililonyimwa lilikuwa na miche mitano ya kijani, imesimama kwa maringo.

"Kumbe mimea haipendi maji," alisema Mwalimu Mkuu.

Mwalimu alitamani ardhi impasukie. "Nani amelimwagilia hili?"

Chiriku, msichana ambaye hajawahi kukaa na siri ikapoa, akasimama. "Mimi, Mwalimu. Kifuniko cha chupa, kimoja tu. Nililionea huruma."

"Na mimi," akasema jirani yake.

"Mimi viwili. Ilikuwa siku ya jua kali."

Mikono ikachipuka darasa zima. Chiriku alikuwa keshafika ubaoni, anachora mistari bila kutumwa na mtu. Vifuniko ishirini na vitatu kwa siku tisa! Wakavipima kwenye kikombe, maji yakapita nusu kidogo tu. Na lile kopo jingine je? Wenye zamu wakatazamana. Kila mmoja, kwa kutaka sifa, alikuwa amemimina kikombe kizima.

"Vikombe tisa!" Chiriku alishika kichwa. "Tumeyazamisha maharagwe, maskini ya Mungu! Na kopo lenyewe halina tundu chini!"

Wakaanza kubishana: kifuniko kimoja kwa siku au viwili? Kopo litobolewe au lisitobolewe? Mwalimu akaketi dawati la nyuma, akawaachia ubao kwa furaha.

Mwalimu Mkuu akakohoa. "Andika ishirini na vinne."

Chaki ikasita.

"Jumatano nilipita hapa na chupa yangu," alisema, akitazama dari. "Lilikuwa linatia huruma kweli." Kisha akajikaza, sauti ikarudi ya ofisini. "Jumatatu mnaanza upya. Safari hii kopo la kunyimwa nitalilinda mimi mwenyewe, ofisini kwangu."

Chiriku alinyoosha mkono kwa adabu zote.

"Samahani, Mwalimu Mkuu. Wewe nawe atakulinda nani?"