Miwani Kwenye Msumari

…na bado ana adabu, mshenzi huyu, kasimama mlangoni ubavu, uso kauelekeza barabarani kama mkwe anavyotakiwa asimkodolee macho mama mkwe, "Shikamoo mayu," eti mama, na mdomo wangu umezoea tu, marahaba Masalu, marahaba, mkono uliomvunja mwanangu taya ndio huo huo umeniwekea pete mezani, umeshikiwa kiwiko kwa heshima, pete niliyowachongea mwenyewe kwa harusi yao, DORAH mgongoni, sasa nilifute jina hilo nichonge Nelly, mwanamke wake mpya, "mashine ya leza unayo wewe tu hapa Kahama, mayu, ningeenda wapi," ungeenda wapi, ungeenda kujitupa kwenye duara, shimo la mgodi lililojaa maji, huko unakonunulia dhahabu ya wachimbaji… pete iko kibakulini, maji yameifunika, mguu wangu uko juu ya pedeli ya leza, miwani yangu ya kukinga macho nimevaa, ya mteja inaning'inia kwenye msumari nyuma yangu, sijampa, sijamwambia, macho yake matupu, meupe, mazima, kila mara yanaichungulia pete, na mwanga wa mashine hii hauonekani, ndiyo sumu yake, jicho halipepesi wala halikimbii, niiinamishe pete kidogo tu, mwanga uruke, umchome ndani kabisa asisikie kitu, mpaka jioni kila uso anaoutazama uwe na shimo jeusi katikati… "Zamani ulichonga kavu," anaiambia barabara, anajichekesha, "siku hizi unaloweka kama maharage," naloweka, ndiyo, ili kila mtu aone dhahabu yake imekwenda wapi, ukichonga kavu vumbi linapeperuka na fundi anaitwa mwizi, mimi siibi wala sivizii, yule aliyeniletea shaba iliyopakwa rangi nilimrushia nyundo mchana kweupe, watu wanatazama… maji yalipogeuka zambarau mara ya kwanza nilitukana, nikajua nimeuziwa uchafu, hakuna aliyenifundisha, nilikaa na simu na kamusi mpaka nikaelewa kwamba ile ni dhahabu hasa, chembe ndogo zisizoonekana, ukizipiga tena humo humo majini zambarau inakuwa nyekundu, mwanga unaziingia haraka kuliko joto linavyoweza kutoka, ukipiga kwa upole chembe inalainika, pembe zinakwisha, inakuwa mviringo kama kidonge, ukizidisha nguvu inachemka, inapasuka, vipande vinasukumana vyenyewe kama ndugu waliogombana… kwa upole kwanza, ndiyo, ndivyo alivyoanza, Dorah wangu alikuwa na pembe, binti wa kujibu, alimjibu mpaka mchungaji, akaolewa, akarudi Krismasi amekuwa mviringo, ndiyo Masalu, sawa Masalu, shangazi zake wakapiga vigelegele, ndoa imemtuliza, kumbe anapigwa maneno tu kwanza, halafu makofi, halafu mchi, mchi wa kutwangia… "Dorah anaendeleaje huko hospitali," anauliza, eti anauliza, hajui yuko nyuma ya pazia hili, taya limefungwa waya, anavuta uji kwa mrija, nilikuwa namsikia akivuta, sasa mrija umenyamaza, ameisikia sauti yake… "Sakafu ile ya kwetu nyumbani ina sabuni, mayu, mtu akianguka ni bahati mbaya," bahati mbaya, mguu wangu unashuka, naihisi springi ya pedeli, bahati mbaya, na mimi nitasema nini polisi wakija, pete iliteleza, miwani nilisahau, bahati mbaya, afande… nitasimama pale na sabuni yangu mkononi, mdomo ni wangu, maneno ni ya Masalu, nyundo niliirusha mchana na hili nilifanye kwa mwanga usioonekana, hapana, hata kwa huyu, hapana… mguu unapanda, mkono unapapasa ukuta nyuma unatafuta msumari, si huruma, huruma sina, macho yake nayataka mazima, nayataka yaone maji yakigeuka rangi, jina la mwanangu linatoka kwenye pete yake lakini halifi, sisemi kuvunjwa ni kuzuri, mpumbavu gani atasema hivyo, nasema dhahabu haijaenda popote, iko humu, nyekundu, na haya maji hayatoki hapa, nitamwambia waziwazi hayatoki, na pete achukue tupu, Nelly simchongi, Nelly nitamtafuta mwenyewe nimwonyeshe waya mdomoni mwa mwenzake… na huyu nitamtazama usoni, mwiko na uvunjike, yeye kavunja taya, mimi nivunje mwiko, barabara nzima isikie, hakuanguka, ulimpiga… "Tuanze, mayu?" bado yuko ubavu, bado uso uko barabarani, mguu wangu bado uko juu ya pedeli, na nyuma ya pazia mrija umeanza tena, anavuta, kwa sauti, hajifichi, kidole changu kimeshika kamba ya miwani, naam, tuanze, lakini geuka kwanza, Masalu, geuka nikuone.