Mguu wa Baltazar

Daktari Ursula alikuwa amewapasua mifupa watu wa Songea kwa miaka ishirini na miwili, naye hakutaka kufundishwa kazi na miwani. Miwani yenyewe ilikuwa ya uhalisia pepe: ukiivaa unajiona uko chumba cha upasuaji, mgonjwa mbele yako, kumbe umesimama ofisini unapapasa hewa. Daktari Daimu, kijana aliyehamia kutoka Tunduru, aliivaa kila siku kwa mwezi mzima, akijifunza kupitisha chuma ndani ya mfupa wa paja.

"Anacheza sinema," Ursula alimwambia muuguzi Benigna, makusudi Daimu asikie.

Kisha akaletwa Baltazar, dereva wa bodaboda wa Bombambili, paja limevunjika. Ursula akashika keekee mwenyewe. Alipoanza kutoboa, Daimu alisema, "Daktari, tundu limekaa pembeni."

"Nani kakuuliza?"

"Chuma kitapindisha mfupa."

"Toka nje! Sasa hivi!"

Daimu akatoka. Ursula alilitazama tundu, akajua kijana amesema kweli. Lakini kiburi kikamzidi nguvu, akaendelea.

Picha ya eksirei ilimuumbua: mfupa ulikuwa umekaa mshazari. Na kwenye faili Daimu alikuwa ameandika yote.

"Futa," Ursula alimwambia.

"Sifuti."

"Nitakurudisha Tunduru!"

"Nirudishe. Lakini sifuti."

Ursula akaona aibu ni ile ile, heri aitamke mwenyewe. Alikwenda wodini akamweleza Baltazar. Mgonjwa alimkazia macho yaliyojaa chuki.

"Ulimfukuza aliyeona? Basi yeye ndiye atakayenipasua. Wewe usiniguse."

Siku ya kurudia upasuaji, Ursula alisimama pembeni kama msaidizi. Daimu alitoboa panapotakiwa, bila kusita. Ghafla mshipa ukapasuka, damu ikaruka ikamlowesha kifua, naye akaganda kama gogo. Ursula akamsukuma kwa bega, akazamisha vidole, akaubana mshipa.

"Na hili, miwani haikukufundisha?" alifoka.

"Hapana," Daimu alijibu.

"Basi tazama, mpumbavu wewe!"

Akatazama. Wakafunga mshipa, wakamaliza kazi.

Mguu ulinyooka. Benigna alipomweleza Baltazar ni nani aliyezuia damu, mgonjwa alisonya akageukia ukutani. Nao Ursula na Daimu waliendelea kupasua kwenye meza moja, wakisemeshana kwa majina ya vifaa tu: kisu, uzi, mkasi.